Sauti ya DJ inakwaruza, inakatika ama inachelewa: tafuta hapa kabla uguse bafa

Kila Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili jioni simu yangu haitulii. Mara ni dijei ako Kondele, mara mwingine ako Free Area hapa Nakuru, wa tatu ako kwa harusi huko Luanda na wageni washaanza kuketi, na swali karibu kila mara ni lile lile, "bro, bafa niweke ngapi?" (bafa ni ile akiba ndogo ya sauti lapi inaandaa kabla itoke kwa spika). Mimi narudisha swali langu, "sauti inafanya nini hasa?" Juu kukwaruza ni kitu kimoja, kukatika ni kingine, kuchelewa ni kingine kabisa, na kila shida iko na mahali pake pa kutafutwa. Ukiongeza bafa bila kujua shida ni gani unaifunika tu, halafu inarudi saa tano usiku wakati watu wamejaa na hakuna nafasi ya kuzima chochote.

Bafa yenyewe ifikirie kama chombo cha kuwekea maji ya mfereji yanayokuja kwa kukatika-katika. Ukiwa na jerikeni ya lita 20 imejaa, mfereji ukikauka kidogo huwezi jua, unaendelea kuchota. Ukiwa na kikombe, ukikauka kidogo tu umekosa maji. Lakini jerikeni inachukua muda kujaa, kwa hivyo maji unayochota sai yaliingia kitambo. Sauti ni hivyo hivyo: bafa kubwa haikatiki ovyo lakini inachelewa, bafa ndogo inajibu haraka lakini lapi ikipepesa jicho unasikia tik.

Kwa hesabu, sauti ya kawaida iko na sampuli, yaani vipande vidogo vya sauti, 44,100 kwa kila sekunde. Kwa hivyo bafa ya sampuli 128 ni karibu milisekunde 2.9, ya 256 ni 5.8, ya 512 ni 11.6, ya 1024 ni 23.2, na 2048 inafika 46. Kwa hewa sauti inasafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, yaani 512 ni sawa na kusimama mita nne hivi kutoka kwa spika. Kwa jumla kuchelewa kwenyewe kunazidi hapo kidogo, juu kontrola, ile meza ya dijei unayochomeka kwa lapi, nayo inaongeza yake, lakini sasa unaona ni kwa nini mtu wa kuchanganya nyimbo tu hana haja ya kupigania 64.

Kwanza kabisa, dakika tano hizi

Piga picha ya seti zako, yaani mipangilio ya sauti ya programu yako ya dijei, kwa simu. Serato ingia "Setup" halafu "Audio", rekordbox ni "Preferences" halafu "Audio", Traktor ni "Preferences" halafu "Audio Setup", VirtualDJ ni "Settings" halafu "Audio". Piga ukurasa wote, ndio ukivuruga ujue pa kurudi.

Halafu chomeka chaja, toa kontrola kwa hub na uchomeke moja kwa moja kwa lapi, funga browser yote, na ucheze wimbo mmoja unaoujua ni mzima, si ule uliotumiwa WhatsApp jana. Wengi wanaonipigia, hapo tu shida inaisha na tunaagana.

Dalili ya 1: Sauti inakwaruza, inalia tik-tik kama bisi kwa sufuria

Hii ndio kubwa kuliko zote, nitakaa hapa.

Swali la kwanza kabisa: inakwaruza wakati gani? Kama inakwaruza kila besi ikigonga, na ukishusha gain (nguvu ya sauti inayoingia) inaisha, hiyo si bafa. Umejaza sauti kupita kiasi, taa nyekundu zinawaka kwa mixa ama kwa programu yenyewe, na hata ungeweka bafa ya 2048 itakwaruza tu. Shusha trimu (kitufe cha gain) ya kila deki mpaka iguse nyekundu kwa nadra sana, master pia, halafu nguvu itafutwe kwa amp. Kama inakwaruza ovyo, haifuati besi wala sauti ya mwimbaji, hata wimbo wa taratibu unalia tik, hapo ndio tunaanza na lapi.

Sababu nazipanga vile nimezikuta, ya kawaida mbele.

Lapi iko kwa betri ama iko kwa mpango wa kubana moto, yaani kutumia stima kidogo. Windows ikibana moto inapunguza kasi ya prosesa kila ikiona imepumzika, na kuipandisha tena kunachukua muda, hapo ndio unasikia tik. Kwa Windows 11 ingia "Settings", "System", "Power" uweke "Best performance". Kwa zile za zamani, Control Panel, "Power Options", "High performance". Na tafadhali angalia chaja yenyewe. Lapi inataka wati 65, mtu amenunua chaja ya mtaani ya wati 45 juu ilikuwa bei poa, lapi inachaji ndio, lakini inajipunguza kasi kimya kimya bila kukuambia. Nimekuta hii mara nyingi kuliko nilivyotarajia na mwenye lapi huwa amebadilisha kila kitu kingine.

Kitu kingine kinafanya kazi nyuma. Windows inadownload update, OneDrive inapandisha picha, antivairasi inakagua kila wimbo unaoload. Weka "Airplane mode", simamisha update kwa wiki moja, na kwa Windows Security ongeza folda ya muziki kwa "Exclusions" ndio isikaguliwe kila saa. Folda ya muziki tu, usizime antivairasi yote, juu flashi za madijei zinapitia mikono mingi.

Bafa kweli ni ndogo. Sasa ndio uiguse. Panda hatua moja moja, 128 kwenda 256 kwenda 512, mpaka tik iishe, halafu ongeza hatua moja zaidi ya hapo. Hiyo hatua ya ziada ni ya joto na uchovu wa saa nne usiku. Serato inahesabu kwa milisekunde, kwa hivyo sogeza kile kitelezi kidogo kidogo vivyo hivyo.

Draiva, ile programu ndogo ya kuunganisha kifaa na Windows, si yake. Kwa Windows, kontrola nyingi zinakuja na draiva ya ASIO kutoka kwa aliyeitengeneza. ASIO ni njia iliyobuniwa na kampuni ya Steinberg ya kufanya programu iongee na kadi ya sauti bila kupitia milango yote ya Windows. Wengi wanachomeka kontrola, inatoa sauti, wanaendelea, kumbe wanatumia draiva ya kawaida ya Windows. Ingia kwa ukurasa wa sauti uone umechagua nini. Ikiwa kontrola yako haina draiva yake, ASIO4ALL ni ya bure na inasaidia, lakini kama draiva ya mwenyewe ipo tumia hiyo, na usiziweke zote mbili halafu ushangae kontrola inajichanganya.

Kazi nzito ndani ya programu yenyewe. Kuna kufunga kii, inaitwa "Key Lock" ama "Master Tempo", ile ya kubadilisha spidi bila sauti ya mwimbaji kugeuka. Inakula prosesa. Stemu, ile ya kutenganisha mwimbaji na ngoma wakati wimbo unacheza, inakula mara nyingi zaidi. Lapi ya miaka nane na RAM ya 4GB ukiiwekea deki nne, stemu na efekti tatu, hakuna bafa itakuokoa. Zima stemu kwanza uone.

Joto. Kisumu kuanzia Januari hadi Machi hapo kando ya ziwa si mchezo, na kwa harusi lapi inawekwa juu ya ule mtandio wa satini wanafunika meza, matundu ya chini yote yameziba. Lapi ikichemka inajipunguza kasi ndio isiungue. Dalili yake ni kwamba saa ya kwanza iko sawa, saa ya pili inaanza tik, ya tatu haisikiki. Inua lapi kwa stendi, ama hata vitabu viwili pembeni. Kama feni inanguruma na lapi bado inachoma mkono, vumbi limejaa ndani.

Hapo simama. Kufungua lapi kusafisha feni na kubadilisha ile mafuta ya prosesa ni kazi ya fundi mwenye anafanya kila siku. Nimeletewa lapi mbili za madijei ambao walijaribu na kisu cha jikoni, nyaya za feni zote zimekatika.

Ya mwisho kwa hii dalili, na ndio ngumu kuipata: draiva nyingine ya lapi inashika prosesa muda mrefu, mara nyingi ya Wi-Fi. Unafungua Task Manager inaonyesha asilimia 30 tu, unasema lapi iko sawa. Haiko sawa. Task Manager inakupa wastani wa sekunde nzima, na sauti inaharibika ndani ya milisekunde sita. Ni kama kusema barabara ya Nakuru kwenda Eldoret iko wazi juu kwa siku nzima magari ni machache, na wewe umekwama nyuma ya lori hapo Timboroa. Programu ya bure inaitwa LatencyMon ndio inaona hizi. Iwashe, cheza muziki dakika kumi, halafu angalia jina gani liko juu. Ukiona ndis.sys ni mambo ya mtandao, zima Wi-Fi na Bluetooth ujaribu tena. Ukiona nvlddmkm.sys ni kadi ya picha ya Nvidia, tafuta draiva mpya ya hiyo kadi ama rudisha ya zamani. Ukiona ACPI.sys, hiyo mara nyingi ni usimamizi wa moto na betri, na dawa yake ni kuupdate BIOS, ile programu ya msingi inayowasha lapi. Kuupdate BIOS usifanye kama stima ya kwenu inapotea potea, ikikatika katikati lapi inaweza kataa kuwaka kabisa. Peleka kwa fundi.

Ukimaliza, jaribu kwa nguvu. Deki mbili zikicheza, kufunga kii kumewashwa zote, efekti moja, luupu, huku unasogeza orodha ya nyimbo juu na chini na unaload wimbo mwingine. Dakika 20. Nyumbani, mchana, si kwa kazi.

Dalili ya 2: Sauti inapotea kabisa sekunde moja ama mbili, ama programu inasema kontrola haipo

Hii si tik, hii ni kimya. Taa za kontrola zinazima ama zinaganda halafu zinarudi.

Kebo ndio mshukiwa wa kwanza. Ile kebo ya mraba ya USB inavutwa, inakanyagwa, inakunjwa kila wikendi. Itikise polepole pale inapoingia kwa kontrola huku muziki unacheza, ikikatika umepata. Nunua fupi, isizidi mita mbili, na utembee na ya pili kwa begi. Kiwango cha USB 2.0 kinaruhusu mpaka mita 5, lakini hizo ndefu za bei rahisi zinapoteza nguvu njiani.

Baada ya kebo, hub. Porti ya USB 2.0 inatoa miliampea 500, na ya USB 3 inatoa 900. Kontrola inayokula moto kutoka kwa lapi, pamoja na flashi ya nyimbo, pamoja na mausi, zote kwa hub moja isiyo na chaja yake, haziwezi kutosheka. Kontrola peke yake kwa porti yake. Jaribu pia upande ule mwingine wa lapi, juu mara nyingi porti za kulia na kushoto hazitoki mahali pamoja huko ndani.

Halafu Windows yenyewe inalaza porti kubana moto. Kwa "Power Options", seti za ndani, tafuta "USB selective suspend" uizime. Kisha "Device Manager", kila "USB Root Hub", kichupo cha "Power Management", toa alama kwa ile ya kuruhusu kompyuta izime kifaa. Fanya kwa zote zilizoko hapo, si moja. Na baada ya update kubwa ya Windows rudi uangalie, inajirudishanga.

Ile nyingine nilijifunza kwa uchungu. Tulikuwa na harusi njia ya Njoro, jenereta moja kwa kila kitu, spika, taa, friji ya soda. Kontrola ilikuwa na adapta yake ya ukutani. Kila besi ikipiga kwa nguvu jenereta inashuka sauti, taa zinafifia, kontrola inazima sekunde mbili inarudi, lapi nayo haizimi juu iko na betri. Niliibadilishia kontrola kebo mbili na porti tatu kabla niinue macho nione taa zinafifia na besi. Stima ya kwetu ni volti 240, 50Hz, na jenereta ndogo iliyozidiwa inashuka chini ya hapo vibaya sana. Siku hizi kontrola na lapi nazipeleka kwa UPS ndogo, na amp zinaenda kwa laini yake tofauti. Tangu hapo sijaona hiyo shida tena.

Ukiona soketi imepata joto, ama plagi imegeuka rangi ya kahawia, ama unasikia harufu ya plastiki inaungua, zima kila kitu hapo hapo, hata kama bibi harusi ndio anaingia. Usifungue jenereta wala eksteshen mwenyewe. Ita fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA.

Dalili ya 3: Unagusa jog (lile gurudumu la kontrola), sauti inakuja baadaye, ama MC anajisikia mara mbili

Bafa ni kubwa mno, hiyo ndio sababu ya kawaida, labda uliipandisha wiki jana ukasahau. Ishushe hatua moja moja na ujaribu kila hatua kama nilivyosema. Mtu wa kuskrachi anataka 128 kwenda chini, na hiyo inahitaji lapi nzuri, si maombi. Wa kuchanganya rhumba na ohangla kwa matanga mpaka asubuhi anaishi vizuri sana na 512.

Pili, spika ya Bluetooth. Bluetooth kwa kawaida inaongeza zaidi ya milisekunde 100 peke yake na hakuna seti ndani ya programu itakayoipunguza. Tumia waya.

Tatu, umechagua kadi ya ndani ya lapi kama njia ya kutoa sauti badala ya kontrola.

Kwa MC kujisikia mara mbili, sauti ya maiki inapita ndani ya programu, inacheleweshwa na bafa, ndio itoke. Kontrola nyingi zina njia ya maiki kwenda moja kwa moja kwa master bila kupitia lapi, tafuta kwa seti zake ama kwa swichi ya nyuma. Bora zaidi, chomeka maiki kwa mixa ya nje. Mzee anayeongea kwa harambee akijisikia amechelewa anapunguza mwendo, anasimama, anaangalia nyuma, na lawama inakuja kwako.

Dalili ya 4: Wimbo unacheza lakini sauti ni ya ajabu, imekuwa nyembamba, nzito ama kama roboti

Angalia kufunga kii kwanza. Ukivuta wimbo wa taratibu kwa asilimia 20 huku kii imefungwa, mwimbaji ataanza kutetemeka kama anaongea kwa bati. Si ugonjwa, ni kazi kubwa mno umempa. Funga kii kwa mabadiliko madogo, ukizidi sana ifungue ama utafute njia nyingine ya kuingia.

Kama kila wimbo umepanda ama umeshuka, hata spidi ikiwa sifuri, hapo ni sampuli hazilingani. Programu iko 44,100, kontrola ama Windows iko 48,000. Kwa kawaida zinatafsiriana zenyewe, lakini draiva ikikosea wimbo unaenda haraka kwa karibu asilimia 8.8, na mwimbaji anapanda kama nusu-toni moja na nusu. Weka zote 44,100, ndani ya programu, ndani ya paneli ya draiva, na ndani ya seti za sauti za Windows, halafu chomoa kontrola uichomeke tena. Nyimbo zetu nyingi ni 44,100 tangu zamani za CD, kwa hivyo kupanda 96,000 kunaongezea tu lapi kazi, na masikio ya watu kwa uwanja hayatapata chochote.

Wimbo mmoja tu ukiwa mbaya, ni wimbo. Futa, tafuta mwingine mzima.

Dalili ya 5: Programu inaganda ukiload wimbo

Nyimbo hazijachambuliwa. Programu inaload huku inachora mawimbi na kutafuta BPM (kasi ya mdundo), lapi dhaifu inaganda. Pakia nyimbo zote nyumbani, ziache zichambuliwe usiku kucha, kisha uzime uchambuzi wa moja kwa moja siku ya kazi.

Diski ya nje imelala. Zile za kuzunguka zinajizima baada ya dakika kadhaa, kuamka kunachukua sekunde kadhaa, na wewe uko hewani. Kwa "Power Options" weka diski isizimwe. Ukiwa na uwezo hamia SSD, ile diski isiyozunguka, ni badiliko moja ambalo utaliona siku hiyo hiyo.

Diski imejaa. Acha angalau sehemu ya kumi ikiwa tupu.

Sasa sikiza vizuri hapa. Kama diski ya nje inalia tak, tak, tak, ama inaonekana inapotea, usiiwashe tena na tena, usikubali Windows "kuirekebisha", na usiiformati. Kila ukiiwasha unaikwaruza zaidi. Izime, na kama nyimbo zako za miaka kumi ziko hapo tu, ipeleke kwa mtu wa kuokoa data. Nimeona dijei wa Bungoma akilia kweli kweli kwa sababu rafiki yake alibonyeza "ndio" kwa swali ambalo hakulisoma.

Dalili ya 6: Mngurumo wa mmmm hauishi hata muziki ukisimama

Hii watu wanapandisha bafa bure kabisa. Huo mngurumo ni 50Hz ya stima. Chomoa chaja ya lapi, cheza na betri sekunde chache. Ukiisha, ni mzunguko wa erthi kati ya chaja na spika. Peleka lapi, kontrola na mixa kwa eksteshen moja, tumia kebo za XLR ama TRS badala ya RCA ndefu, na kama bado, nunua DI boksi yenye swichi ya kuinua erthi, ama kitenganishi cha transfoma kwa laini ya sauti. Laini ya sauti pekee.

Usikate ile pini ndefu ya plagi wala usichomoe waya wa erthi ndani ya plagi. Mngurumo utaisha, ndio, na siku kifaa kikiharibika mwili wa mixa wote unakuwa na volti 240 na mtu ameshika maiki. Kama maiki imewahi kumpiga mtu shoti mdomoni, hata kidogo, hiyo shoo imesimama mpaka fundi wa stima apime erthi ya pale. Kwa hili sibishani na mtu.

Wa turntable na rekodi za taimkodi (zile za kuongoza programu kwa sindano)

Muziki unacheza lakini programu haioni sindano: kwa Mac, kuanzia macOS Mojave ya 2018, programu lazima ipewe ruhusa ya maikrofoni hata kama hutumii maiki, juu sauti inayoingia yote inahesabiwa hivyo. Windows pia iko na ruhusa hiyo kwa "Privacy". Baada ya hapo ndio uangalie swichi ya phono na line, na waya wa erthi wa turntable. Na kwa wa Mac kwa jumla, zima "Low Power Mode", na usipandishe macOS wiki ya kazi kabla mwenye kontrola aseme draiva yake iko tayari.

Vile naacha lapi ya mtu

Lapi ya kawaida, i5, RAM ya 8GB, SSD: 44,100, bafa 256 kama anaskrachi kidogo, 512 kama ni shoo ndefu ya usiku, ASIO ya kontrola, Wi-Fi na Bluetooth zimezimwa, USB hazilali, nyimbo zote zimechambuliwa, stemu zimezimwa mpaka azihitaji. Iliyo chini ya hapo, RAM ya 4GB, naanza 512 na nakubali 1024 bila aibu. Halafu jina la draiva na toleo lake naandika kwa karatasi nabandika chini ya lapi, juu siku mtu atakapoiformati hapo Kakamega hakuna atakayekumbuka ilikuwa gani.